Mwaka wa vijana parokiani: hesabu inaanzia Pasaka

Parokia nyingi huurudia mvutano uleule mwaka hadi mwaka. Vijana wamekwisha kupanga tamasha la kwaya, ukumbi umelipiwa, fulana zimechapwa, ndipo paroko anafungua kalenda na kuwaambia kwamba Jumamosi hiyo imo ndani ya Kwaresima, tena ni mkesha wa Matawi. Vijana wanaona wamebaniwa, naye paroko anaona hawaijali ibada. Mara nyingi hakuna mwenye nia mbaya hapo. Ratiba ya vijana ilipangwa kwa kalenda ya ukutani, Januari kwenda Desemba, ilhali parokia inaishi kwa mwaka wa Liturujia, yaani wa ibada rasmi za Kanisa, unaoanza Dominika ya kwanza ya Majilio (kipindi cha kungojea Noeli) na wenye sikukuu zinazohama.

Maelezo haya ni ya parokia ya Kikatoliki inayofuata Liturujia ya Kiroma. Waanglikana na Walutheri wana vipindi na rangi zinazokaribiana sana na hizi, ila kanuni za ndani zinatofautiana. Makanisa mengi ya Kiorthodoksi huhesabu Pasaka kwa kalenda ya Julius, kwa hiyo mara nyingi tarehe yao huwa nyingine.

Tarehe zinazohama na zilizotulia

Mwaka wa Liturujia unashikiliwa na nguzo mbili. Ya kwanza ni Noeli, ambayo haiondoki tarehe 25 Desemba. Ya pili ni Pasaka, ambayo huhama. Tangu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Mwezi huo ni wa hesabu za Kanisa, si lazima ulingane kabisa na ule unaouona angani. Mwezi mpevu ukiangukia Dominika yenyewe, Pasaka inasogea hadi Dominika inayofuata. Ndiyo maana haiwezi kuwa kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili.

Ukishaijua tarehe hiyo, mengine ni kujumlisha na kutoa. Toa siku 46 upate Jumatano ya Majivu. Ni 46 na si 40 kwa sababu Dominika sita za katikati hazihesabiwi kuwa siku za kufunga. Toa siku 7 upate Dominika ya Matawi. Ongeza 39 upate Alhamisi ya Kupaa Bwana, au 42 mahali ambapo sherehe hiyo imehamishiwa Dominika. Pentekoste ni siku 49 baada ya Pasaka, Utatu Mtakatifu ni 56, Ekaristi Takatifu ni 60 ikiadhimishwa Alhamisi au 63 ikiadhimishwa Dominika, na Moyo Mtakatifu wa Yesu ni Ijumaa ya siku ya 68.

Tazama jinsi miaka miwili inayofuatana inavyoweza kuachana. Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, kwa hiyo Majivu ni 10 Februari na Pentekoste ni 16 Mei. Mwaka 2028 Pasaka ni 16 Aprili, Majivu ni 1 Machi na Pentekoste ni 4 Juni. Sasa angalia kile kipande cha Kipindi cha Kawaida, yaani kisicho cha Majilio, Noeli, Kwaresima wala Pasaka, kilicho kati ya Ubatizo wa Bwana (sikukuu inayofunga kipindi cha Noeli) na Majivu, ambacho vijana wengi hukitumia kwa uchaguzi wa viongozi, michezo na kuandikisha wanachama wapya. Mwaka 2027 kina siku 30. Mwaka 2028 kina siku 51. Kikundi kitakachonakili ratiba ya mwaka mmoja na kuibandika kwenye mwingine kitajikuta kinafungua bonanza la michezo siku ambayo wenzao wanapakwa majivu.

Liko na jambo la sikukuu kugongana. Dominika za Majilio, Kwaresima na Pasaka hazipishi sherehe yoyote, hata ya mtakatifu somo wa parokia. Mwaka 2027, tarehe 25 Machi ni Alhamisi Kuu, hivyo sherehe ya Bikira Maria Kupashwa Habari inasogezwa hadi Jumatatu 5 Aprili, baada ya Dominika ya pili ya Pasaka. Mwenye kupanga shughuli kwa sikukuu hiyo asiamini kumbukumbu. Aitazame kalenda ya Liturujia ya jimbo ya mwaka husika, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha pia mahali Kupaa na Ekaristi zilipowekwa.

Mzunguko wa masomo nao una hesabu yake. Dominika zina miaka mitatu: A ni ya Mathayo, B ni ya Marko, C ni ya Luka, na Injili ya Yohane inajaza nafasi hasa wakati wa Kwaresima na Pasaka. Mwaka unaogawanyika kwa tatu bila baki ni mwaka C, kwa hiyo 2028 ni C na 2027 ni B. Lakini herufi inabadilika Majilio, si Januari. Vijana wanaoandaa mafundisho ya Desemba kwa kitabu cha masomo cha mwaka unaoishia huwa wamefungua ukurasa usio wao.

Kipindi hakikatazi, kinabadili sura

Swali la kawaida ni kama vijana wanaruhusiwa kufanya shughuli wakati wa Kwaresima. Wanaruhusiwa, na kwa kweli hakuna kipindi chenye kazi nyingi kuliko hiki. Kinachobadilika ni sura ya kazi yenyewe, na kanuni zake ni bayana kuliko watu wanavyodhani.

Wakati wa Kwaresima rangi ya mavazi ya ibada ni zambarau. Wimbo wa Utukufu hauimbwi siku za Dominika, na Aleluya haiimbwi kabisa, wala katika wimbo wa mwanzo, wala katika komunyo, wala katika igizo la vijana lililowekwa baada ya Misa. Kabla ya Injili kunaimbwa shangilio lisilo na neno hilo. Altare haipambwi maua. Kinanda na ala nyingine zinapigwa kwa ajili ya kushikilia sauti za waimbaji tu, kwa hiyo muziki wa ala peke yake wakati wa matoleo au baada ya komunyo unasubiri. Dominika ya nne ya Kwaresima, pamoja na sherehe na sikukuu zinazoangukia ndani ya kipindi, zinalegeza masharti ya maua na ala. Dominika hiyo ya nne, na ile ya tatu ya Majilio, ndizo zinazoruhusu rangi ya waridi mahali palipo na desturi hiyo.

Majilio nayo ni zambarau, na hapo ndipo wanakwaya wachanga huchanganyikiwa. Utukufu hauimbwi, ila Aleluya ipo. Maua na ala zinaruhusiwa kwa kiasi, ili furaha kamili ya Noeli isitangulizwe. Kwa kifupi, Majilio yanasubiri na Kwaresima inatubu, ingawa kanzu zinafanana.

Upande wa kufunga, kikundi cha vijana kina umri mchanganyiko na sheria inawagusa kwa namna tofauti. Kujinyima nyama kunamfunga aliyetimiza miaka 14. Kufunga kula kunamfunga aliyetimiza miaka 18 hadi anapoanza mwaka wa 60. Siku za kufunga kula ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kiongozi anayewalazimisha wenye miaka 13 washinde njaa kwenye mafungo ya Ijumaa Kuu anadai kisichodaiwa na Kanisa, na mara nyingi ndiye anayeishia kuwabeba waliozimia.

Majivu, mafungo na foleni ya kitubio

Majivu yanatokana na matawi yaliyobarikiwa mwaka uliotangulia. Tangazo la kuyarudisha kanisani litolewe wiki tatu kabla, maana watu wengi huyachomeka nyuma ya picha nyumbani na kuyasahau. Yachomwe yakiwa makavu kabisa ndani ya sufuria ya chuma au debe, nje, pasipo upepo. Mabichi hutoa moshi na vipande vya kahawia visivyosagika. Yakishapoa, yatwangwe na kuchekechwa kwa chekecheo laini mara mbili. Usichanganye majivu na maji kufanya uji. Majivu yaliyolowa hugeuka magadi makali na yanaweza kuunguza ngozi ya paji la uso. Yabaki makavu, au yatiwe matone machache ya mafuta ya kula.

Mafungo ya vijana hukwama mahali pamoja, nalo ni foleni ya kitubio. Piga hesabu kabla. Kila mmoja akikaa dakika tano, padre mmoja anaungamisha watu 12 kwa saa. Vijana 60 ni saa tano kwa padre mmoja na saa moja na dakika 40 kwa mapadre watatu. Ukimpa padre mmoja saa moja na nusu mwishoni mwa siku, vijana zaidi ya 40 watarudi nyumbani hawajaungama. Waalike mapadre wa jirani mapema, na usiweke mafungo katika wiki ya mwisho kabla ya Matawi, kwa sababu wiki hiyo kila parokia inawatafuta haohao. Wiki ya tatu au ya nne ya Kwaresima ndiyo salama zaidi.

Juma Kuu

Dominika ya Matawi inaanzia nje ya kanisa, mahali panapotosha watu wote kusimama, kisha maandamano. Vijana wakipewa kugawa matawi, wayagawe kabla ibada haijaanza, kwa sababu kuyagawa wakati wa sala ya baraka kunageuza sala kuwa gulio. Rangi ni nyekundu. Masimulizi ya Mateso ya Bwana husomwa kwa Injili ya mwaka husika, na Ijumaa Kuu husomwa ya Yohane kila mwaka. Hayo Mateso hutangazwa, hayaigizwi. Yanaweza kugawanywa kwa sauti tatu, ya Kristo, ya msimulizi na ya wengine, na ile ya Kristo inaachiwa padre inapowezekana. Hakuna mishumaa wala ubani wakati wa kuyasoma, wala salamu, wala ishara ya msalaba juu ya kitabu. Wasomaji wafanye zoezi wakiwa kwenye vipaza sauti vyenyewe. Kosa la kawaida ni msimulizi kumkimbiza Pilato.

Alhamisi Kuu jioni ni Misa ya Karamu ya Bwana. Tabernakulo huwa tupu kabla ya Misa, na hostia zinazowekwa wakfu zinatakiwa kutosha Alhamisi na Ijumaa pia, kwa kuwa Ijumaa hakuna Misa. Mhudumu wa sakristia anayehesabu za jioni ile tu atamwingiza paroko katika kuzimegamega kesho yake. Kengele hulia wakati wa Utukufu, kisha zinanyamaza hadi Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Mwenye zamu ya kengele afahamishwe hivyo, maana mkono una mazoea yake. Mahali palipo na kifaa cha mbao cha kugonga, ndicho kinachotumika.

Kuosha miguu si lazima. Kunafanyika pale ambapo sababu za kichungaji zinaruhusu. Agizo la Vatikani la tarehe 6 Januari 2016 liliruhusu kuchagua watu kutoka taifa lote la Mungu, wanaume na wanawake, vijana na wazee, wenye afya na wagonjwa, na kitabu cha ibada hakidai idadi ya kumi na wawili. Wanaooshwa waambiwe mapema waje na viatu vinavyovulika haraka na wauache wazi mguu mmoja kabla ya mahubiri kwisha. Maji yawe vuguvugu, birika moja kubwa, beseni, na taulo moja kwa kila mtu. Taulo mbili kwa watu wote zinalowa kufikia wa nne, na wanaobaki wanapanguswa kwa maji.

Baada ya komunyo Ekaristi inapelekwa kwa maandamano hadi mahali palipoandaliwa, na altare inavuliwa vitambaa. Kuabudu kunaendelea kwa fahari hadi saa sita usiku. Baada ya hapo fahari yote ya nje inakoma, kwa kuwa siku ya Mateso imeingia. Mkesha wa vijana wenye ngoma na nyimbo hadi alfajiri hauna mahali hapa, hata ukiwa na nia njema kiasi gani. Panga zamu za saa moja moja: Misa ikiisha saa mbili usiku ni zamu nne, kila zamu na zaburi mbili, somo fupi, na kimya kirefu kuliko maneno.

Ijumaa Kuu ndiyo siku ambayo vijana huifanyia mazoezi miezi miwili, kwa sababu ya Njia ya Msalaba. Hapa kuna fundo linalohitaji kufunguliwa. Njia ya Msalaba ni ibada ya watu na si Liturujia. Liturujia ya siku ni adhimisho la Mateso ya Bwana, yapata saa tisa alasiri, na linaweza kusogezwa mbele kwa sababu za kichungaji lakini lisivuke saa tatu usiku. Lina sehemu tatu: Neno, Kuabudu Msalaba na Komunyo. Igizo likiishia saa nane na nusu, waigizaji na umati wanaingia kanisani wamechoka na wamelowa jasho, na nusu yao wanaondoka wakidhani siku imekwisha. Igizo liwe asubuhi, liishe saa mbili au zaidi kabla ya ibada.

Muda wenyewe unapimika. Vituo 14 kwa dakika nne kila kimoja ni dakika 56. Vipande 13 vya kutembea kati yake, kwa dakika tatu kila kimoja, ni dakika 39. Jumla ni saa moja na dakika 35, kabla hujahesabu kuanza kwa kuchelewa. Vituo vikiachana mita 100, njia nzima ni kilomita 1.3, na hiyo inatosha. Umati ukiwa mkubwa, mkia wa maandamano hufika kituoni wakati tafakari imekwisha, na walio nyuma wanaanza kupiga soga. Dawa yake ni kijana mmoja mwenye bendera nyuma kabisa. Msomaji asifungue kinywa mpaka aione bendera imesimama.

Msalaba wa igizo uundwe kwa mbao nyembamba zilizopigiliwa kama kasha, wazi ndani. Mti wa wima wa mita 2.5 na wa kulala wa mita 1.5 unaonekana mzito kwa watazamaji, ila mbebaji anauweza. Gogo zima humvunja bega kijana anayeanguka nalo mara tatu, na anguko la tatu huwa la kweli. Mijeledi iwe ya vitambaa. Awepo mbadala wa mbebaji, na mtu mwenye maji karibu, kwani kunywa maji hakuvunji mfungo. Kundi linalotaka vituo vyote vitoke katika Maandiko lina mfano mzuri: Papa Yohane Paulo wa Pili alitumia mpangilio wa namna hiyo Colosseum, Roma, Ijumaa Kuu ya mwaka 1991. Hautaji Veronika wala maanguko matatu, na badala yake unaanzia bustani ya Gethsemane.

Alasiri, Msalaba wa kuabudiwa ni mmoja tu. Watu 600 wakipita mmoja mmoja kwa sekunde tano ni dakika 50. Foleni mbili hazipunguzi muda kwa nusu kama Msalaba ni uleule. Kitabu cha ibada kimeliona hilo: umati ukiwa mkubwa mno, wachache wakishapita, padre anauinua Msalaba mbele ya altare na wote wanauabudu kwa kimya. Kuongeza misalaba mitatu pembeni ili kuharakisha ni ujanja usioruhusiwa.

Mkesha wa Pasaka

Mkesha hauanzi kabla ya giza kuingia, na unakwisha kabla ya mapambazuko ya Dominika. Una sehemu nne: ibada ya mwanga, Neno, Ubatizo na Ekaristi. Vijana huhusika zaidi na ile ya kwanza, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi.

Moto unatakiwa uwe moto wa kweli, wenye ndimi za kufukuza giza. Makaa matatu kwenye jiko hayatoshi. Uwashwe kwa kuni kavu nusu saa kabla, ili ibada inapoanza uwe na makaa kwa ajili ya chetezo na ndimi kwa ajili ya mwanga. Petroli isiguse moto huo hata tone. Ndoo mbili za maji na moja ya mchanga zikae pembeni, na kijana mmoja abaki na moto hadi uzimike, wakati wenzake wanaingia kanisani. Huyo mmoja husahaulika kila mwaka.

Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta, mpya kila mwaka, na mmoja tu. Padre anachora msalaba, Alfa juu, Omega chini, na tarakimu nne za mwaka kwenye pembe za msalaba, kisha anaweza kuchomeka punje tano za ubani. Matundu ya punje hizo yatobolewe mchana kwa msumari uliopashwa moto. Nta ngumu ikitobolewa kwa nguvu gizani hupasuka. Utambi nao uwashwe na kuzimwa mara moja mchana, kwa sababu utambi mpya hukataa kushika moto, hasa penye upepo.

Maandamano yana vituo vitatu vya “Mwanga wa Kristo”: mlangoni, katikati ya kanisa na mbele ya altare. Waamini wanawasha mishumaa yao baada ya kituo cha pili. Vijana wanaosambaza moto wawe wawili kila safu ya mabenchi, na wafundishwe jambo moja: mshumaa unaowaka unabaki wima, ule usiowaka ndio unaoinama. Kinyume chake, nta ya moto hudondoka mkononi mwa jirani. Vikinga mkono vya karatasi ngumu vikatwe kwa duara la sentimita nane au kumi, na tundu dogo kuliko mshumaa.

Na taa za umeme je? Parokia nyingi huziacha zimezimwa hadi Utukufu. Kitabu cha ibada kinasema ziwashwe baada ya kituo cha tatu, na kwamba kinachosubiri Utukufu ni mishumaa ya altare. Paroko aulizwe kabla, na mwenye swichi aambiwe mtu mmoja tu wa kumpa ishara.

Baada ya Mbiu ya Pasaka, wimbo mrefu wa sifa unaoimbwa penye Mshumaa wa Pasaka, mishumaa inazimwa na watu wanakaa. Masomo ni tisa, saba ya Agano la Kale na mawili ya Agano Jipya. Idadi ya Agano la Kale inaweza kupunguzwa hadi matatu kwa sababu nzito, lakini kuvuka bahari katika Kutoka sura ya 14 hakurukwi kamwe. Kila somo la Agano la Kale lina wimbo wake wa katikati na sala yake, kwa hiyo wanahitajika wasomaji saba, waimbaji saba, na mtu wa kuwasogeza kwa mpangilio. Padre anaimba Aleluya mara tatu, kila mara akipandisha sauti, naye mpiga kinanda anatakiwa kujua ataanzia wapi ili mara ya tatu isije ikashinda koo la kila mtu.

Kisha likumbukwe hili: wakati wa kurudia ahadi za ubatizo mishumaa inawashwa tena. Wale vijana wasambaza moto wanakuwa wameshakaa na wamesinzia, na viberiti viko sakristia. Wapewe kiti karibu na Mshumaa wa Pasaka tangu mwanzo.

Siku 50 ambazo kila mtu amechoka

Kwaresima ina siku nyingi za mazoezi, Pasaka ina siku 50, na vijana wengi hupotea Jumatatu ya Pasaka hadi Juni. Hapo ndipo tamasha lile lililokataliwa mwanzoni lilipaswa kuwekwa. Kipindi ni cheupe, Aleluya imerudi, ala zote ziko huru, na siku nane za kwanza zinaadhimishwa kama siku moja ya sherehe. Ijumaa baada ya Kupaa ya Alhamisi inaanza novena ya Roho Mtakatifu, siku tisa hadi mkesha wa Pentekoste, na novena hiyo inafaa sana kuongozwa na waliopata au wanaojiandaa kupata Kipaimara. Mshumaa wa Pasaka unakaa karibu na mimbari hadi Pentekoste yenyewe, kisha unahamia kwenye kisima cha ubatizo, na unawashwa katika ubatizo na mazishi.

Kijani kirefu

Kuanzia Jumatatu baada ya Pentekoste hadi Kristo Mfalme, Dominika ya mwisho kabla ya Majilio, ni Kipindi cha Kawaida chenye rangi ya kijani, na kuna nafasi pana ya kambi, hija, semina za ndoa na kazi, na mashindano. Angalia tu mitihani ya shule na mwezi wa Rozari. Kwa vijana, kilele ni Kristo Mfalme. Siku ya Vijana katika majimbo, iliyoadhimishwa Dominika ya Matawi tangu 1986, ilihamishiwa Kristo Mfalme kuanzia 2021, baada ya Papa Fransisko kutangaza hivyo Novemba 2020. Mwaka 2027 Dominika hiyo ni 21 Novemba. Mwaka huohuo mkutano wa kimataifa wa Siku ya Vijana Duniani umepangwa Seoul kuanzia tarehe 3 hadi 8 Agosti, hivyo makundi yatakayotuma wajumbe yapishe kambi zao.

Majilio mafupi na marefu

Majilio yana Dominika nne, lakini urefu wake ni kati ya siku 22 na 28. Noeli ikiwa Dominika, Majilio huanza 27 Novemba. Ikiwa Jumatatu, huanza 3 Desemba. Mwaka 2028 ni wa namna hii ya pili. Asubuhi ya 24 Desemba ni Dominika ya nne ya Majilio, zambarau, taji lenye mishumaa minne. Jioni yake ni Noeli, nyeupe, maua na pango la kuzaliwa Yesu. Kikosi cha mapambo kinabaki na saa chache za mchana kubadili kanisa zima, kwa hiyo pango lijengwe wiki moja kabla na kufunikwa, na hori libaki tupu hadi usiku.

Misa za Noeli ni nne na kila moja ina masomo yake: ya jioni ya mkesha, ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Msomaji akiandaa somo la usiku kwa Misa ya jioni atasimama mimbarini na ukurasa ambao haumo. Injili ya jioni inaweza kusomwa pamoja na orodha yote ya ukoo wa Yesu kwa Mathayo, na shemasi anayeisoma bila maandalizi hujikwaa kwa Zerubabeli.

Nyimbo za Noeli kwenye tamasha la tarehe 10 Desemba ni suala la busara ya paroko. Njia nzuri ni tamasha la Majilio, lenye unabii na nyimbo za kungojea, halafu zile za Noeli ziimbwe kati ya 26 Desemba na Ubatizo wa Bwana, wakati ambapo kipindi bado ni cha Noeli na watu wako likizo. Kung'oa pango tarehe 27 Desemba ni kuifunga sikukuu katikati. Mapambo yashushwe baada ya Ubatizo wa Bwana, na mwaka kama 2027, wenye siku 30 tu kabla ya Majivu, tangazo la kurudisha matawi makavu litolewe Dominika inayofuata.